Kutubu mpaka mwisho: mwongozo wa kuanzia magotini hadi mlangoni kwa uliyemkosea

Mwaka ule masika yalipochelewa, nilitubu mara tatu kwa kosa moja. Mara ya kwanza ilikuwa kwenye mkutano wa injili. Mhubiri aliita watu mbele, nikaenda, nikalia mpaka kola ya shati ikalowa. Mara ya pili ilikuwa ibada ya Jumapili, wakati wa maungamo ya pamoja. Ya tatu ilikuwa usiku wa manane, peke yangu sebuleni, watoto wamelala. Kila mara niliinuka mwepesi kama aliyetua mzigo, na kila mara daftari la kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, lilikuwa palepale juu ya kabati likinisubiri.

Nilikuwa mweka hazina. Kisanduku chetu kina kufuli tatu na funguo zake hukaa kwa watu watatu, kwa hiyo kuiba kisandukuni si kazi rahisi. Mimi kisanduku sikukigusa. Wanachama waliosafiri walikuwa wakinitumia hisa zao kwa simu ili niziwasilishe mkutano unaofuata. Ada ya mtoto ikabana, nikatumia shilingi 180,000 nikijiambia nitazirudisha mwisho wa mwezi, kisha nikaandika daftarini neno moja: "zinasubiriwa". Mwisho wa mwezi ulipita. Miezi mingine mitatu ikapita.

Leo ni mzee wa kanisa, na ninachoona ni kwamba tunahubiriwa sana tutubu, lakini ni mara chache mtu anaelezwa anatubuje. Ndiyo maana nimeandika mwongozo huu. Ni kwa ajili ya Mkristo mwenye jambo moyoni, anayejua ni lipi, na aliyechoka kulizunguka. Uwe Mkatoliki, Mlutheri, Mwanglikana au mtu wa kanisa la kiroho, njia ni ileile, ingawa milango ya kuingilia inatofautiana.

Kwanza, maneno yenyewe

"Toba" tumelipokea kutoka Kiarabu, na mzizi wake ni kurudi. Manabii wa Agano la Kale nao walipowaita watu watubu, walitumia neno la Kiebrania lenye maana hiyohiyo ya kugeuka na kurudi. Kigiriki cha Agano Jipya kinazungumzia kubadili nia. Kuhuzunika kumo ndani yake, lakini mtu anaweza kuhuzunika akiwa amekaa kitako. Mwana mpotevu wa Luka 15 alizingatia moyoni mwake, akapanga atakachosema, kisha akaondoka. Angebaki kule kwa nguruwe akilia mpaka kesho, tusingekuwa na habari ya kusimulia.

"Unyenyekevu" ni neno ambalo adabu zetu zimelichosha kidogo. Tukisikia fulani ni mnyenyekevu, tunamwona anayeinamisha kichwa, anayesema kwa sauti ya chini, anayekataa kiti cha mbele huku jicho la pembeni likiangalia kama atavutwa mkono. Anayesema "mimi si kitu" halafu ananuna ukikubaliana naye. Mbele za Mungu, kunyenyekea ni kukubali kimo chako halisi, bila kujiongezea wala kujipunguzia. Tazama wale wawili waliopanda hekaluni katika Luka 18. Farisayo huenda alisema kweli tupu: alifunga mara mbili kwa juma, alitoa zaka ya mapato yake yote. Kilichomharibia ni kipimo, kwa sababu alijipima kwa mtu aliyesimama nyuma yake. Mtoza ushuru hakumtazama mtu yeyote. Alijipiga kifua akasema, "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi," akarudi nyumbani amehesabiwa haki.

Vitu hivi viwili haviachani. Asiye na unyenyekevu atatubu dhambi za jirani.

Hatua ya 1: Tafuta muda, na uitafute dhambi yenyewe

Tenga nusu saa, simu iwe chumba kingine. Anza kwa ombi la Zaburi 139, pale mwishoni, ambapo mwenye kuomba anamtaka Mungu amchunguze na kuujua moyo wake. Kisha chukua karatasi. Pita nyumbani kwako kwa mawazo: mwenzi, watoto, wazazi, binti wa kazi. Pita kazini. Pita kwenye fedha, hasa za wengine zilizopita mikononi mwako. Pita kwenye maneno, na siku hizi hilo ni pamoja na yale uliyoyasambaza kwenye makundi ya WhatsApp bila kujua kama ni ya kweli. Mwisho, yale uliyopaswa kufanya ukaacha. Wakatoliki wanayo hii katika sala yao ya kuungama: wamekosa kwa mawazo, kwa maneno, kwa matendo na kwa kutotimiza wajibu. Hicho cha nne wengi tunakiruka.

Andika vitu, usiandike hali. "Nina kiburi" ni hali, na unaweza kuiungama miaka 40 bila mtu yeyote kufaidika. "Jumanne nilimfokea dereva wa bodaboda mbele ya watu kwa kuchelewa dakika tano" ni kitu. Kitu kina siku, kina mahali, kina mtu aliyeumia.

Karatasi ile ukishamaliza nayo, ichome. Nasema hivi kwa sababu namjua aliyeiacha ndani ya Biblia, na Biblia ikaazimwa.

Hatua ya 2: Iite kwa jina lake

Hapa ndipo wengi tunakwama, na hapa ndipo nilipokwama mimi. Nilipokuwa nikilia mbele ya mhubiri, nilimwambia Mungu anisamehe kwa "udhaifu wangu katika mambo ya fedha". Udhaifu! Kana kwamba fedha zilinidondokea nikashindwa kuzibeba. Neno lake ni wizi. Na kule kuandika "zinasubiriwa" ni uongo wa maandishi, dhambi nyingine kamili iliyosimama peke yake.

Kiswahili chetu ni kitajiri wa nguo za kuivisha dhambi ipendeze. Nimezikusanya zile ninazozisikia mara nyingi, pamoja na zile zinazotoka kinywani mwangu:

"Shetani alinipitia." Adamu alisema ni mwanamke, mwanamke akasema ni nyoka. Nyoka ndiye hakuulizwa.

"Mimi ni binadamu, hakuna aliyekamilika." Ni kweli, ila anayeungama anajizungumzia yeye. Ukiingiza wanadamu wote, umeshajificha kwenye umati.

"Kama kuna mahali nimekukosea, naomba unisamehe." Hii ni ya mkesha wa mwaka mpya, inatumwa kwa watu 200 kwa mpigo. Yule uliyemdhulumu shamba anaipata ileile aliyoipata muuza vocha. Neno "kama" linamrudishia yeye kazi ya kuthibitisha.

"Tusameheane tu, yaishe." Anayesema hivi kwa kawaida ndiye mwenye deni kubwa.

Biblia imetuwekea wafalme wawili tuwalinganishe. Sauli, katika 1 Samweli 15, alipokutana na nabii Samweli, kwanza alisema ametimiza agizo la Mungu. Alipoulizwa kuhusu kondoo waliokuwa wakilia nyuma yake, akasema ni watu ndio waliochukua. Alipobanwa tena akakiri kwamba amefanya dhambi, lakini pumzi ileile akamwomba Samweli amheshimu mbele ya wazee na mbele ya Israeli. Alikuwa anajali picha. Daudi, katika 2 Samweli 12, alikuwa na makosa ambayo kwa hesabu yetu ni mazito zaidi: mke wa mtu, kisha kifo cha mume. Nathani alimwendea kwa hadithi ya maskini mwenye mwana-kondoo mmoja, na Daudi alipowaka hasira akaambiwa, "Wewe ndiwe mtu huyo." Jibu lake lilikuwa fupi: "Nimemfanyia BWANA dhambi." Hamna "lakini" ndani yake.

Kwa hiyo jipime hivi. Andika ungamo lako katika sentensi moja yenye "mimi" na kitenzi. Isome kwa sauti. Kama kuna "kama", "lakini", "kwa sababu" au jina la mtu mwingine asiyekuwa uliyemkosea, kata. Kinachobaki ndicho cha kwenda nacho mbele za Mungu. Changu kilibaki hivi: niliiba 180,000 za kikundi na nikaandika uongo kuficha.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilisimama nikafunga dirisha.

Hatua ya 3: Mwambie Mungu, halafu upokee

Piga magoti kama unaweza, kwa kuwa mwili unausaidia moyo, ingawa Yoeli alionya kwamba ni mioyo ya kuraruliwa, wala si mavazi. Ukikosa maneno, fuata mpangilio wa Zaburi 51. Inaanza na rehema ya Mungu kabla ya dhambi ya mtu, na mpangilio huo usiupindue. Halafu inakiri bila kuzunguka. Halafu inaomba kuoshwa, kisha moyo safi, kisha furaha irudi. Mwishoni tu ndipo inapotaja kwamba dhabihu anayoitaka Mungu ni roho iliyovunjika.

Kisha pokea. Hapa kuna watu wanyoofu wanaoteseka bure. Wanaungama leo, kesho wanaungama kosa lilelile, na mwaka ujao bado wapo nalo, wakidhani kujitesa ndiko kunyenyekea. Waraka wa kwanza wa Yohana, 1:9, unasema tukiziungama dhambi zetu Mungu ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee. Kuendelea kubishana na neno hilo ni kiburi kilichogeuzwa nje ndani: unasema dhambi yako ni kubwa kuliko msalaba. Petro na Yuda wote walimwangusha Bwana usiku mmoja, na wote walijuta. Yuda hata fedha alizirudisha, vipande 30. Lakini Yuda alikwenda na majuto yake peke yake, Petro akabaki mahali ambapo angeweza kukutwa. Paulo anaziita huzuni mbili tofauti katika 2 Wakorintho 7:10, moja huleta wokovu na nyingine mauti.

Jambo moja ulishike kabla hujaendelea, maana hatua zilizobaki zinaweza kukupotosha ukalikosa. Yote utakayofanya kuanzia hapa hayanunui msamaha. Soma tena habari ya Zakayo katika Luka 19. Yesu alijialika nyumbani kwake kwanza. Nusu ya mali kwa maskini na kurudisha mara nne vilikuja baadaye, mgeni akiwa ameshaingia ndani.

Hatua ya 4: Mwambie mtu mmoja anayejua kunyamaza

Yakobo 5:16 inataka tuungamiane dhambi na kuombeana. Kwa Mkatoliki mlango uko wazi na una jina: sakramenti ya kitubio, na padri amefungwa kabisa na siri ya maungamo, haruhusiwi kuisema hata akitishiwa maisha. Walutheri na Waanglikana wanayo maungamo ya faragha kwa mchungaji, ingawa wengi hawajui kwamba inawezekana kuomba. Kwenye makanisa ya kiroho tafuta mchungaji au mzee. Chagua ambaye hujawahi kumsikia akisimulia ya wengine. Akikusimulia ya mwingine, hata kwa kisingizio cha "tumwombee", yako nayo yatafika.

Kwa nini mtu, kama Mungu ameshasikia? Kwa sababu dhambi ya siri hustawi kama uyoga, gizani. Mimi nilimwendea mchungaji mstaafu. Alinisikiliza, akaniombea, akanitangazia msamaha. Halafu, nilipokuwa navaa viatu mlangoni, akauliza: "Na mwenyekiti wenu wa kikundi anaitwa nani vile?" Hakusubiri jibu.

Sisi wa ukanda huu tuna urithi wetu katika jambo hili. Mwaka 1929, daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Gahini, Rwanda, alikutana na Mganda Simeoni Nsibambi huko Namirembe, Kampala. Wote wawili walikuwa wamekauka kiroho. Wakasoma Maandiko na kuomba pamoja. Miaka ya 1930 uamsho ukawaka Gahini, ambako alifundisha Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, aliyefariki mwanzoni mwa mwaka 1936. Ukavuka Uganda, ukaingia Kenya na Tanganyika, hadi Kagera kwa bibi zetu. Waganda waliwaita watu wake Balokole, yaani waliookoka, na wimbo wao wa Tukutendereza Yesu unaimbwa hadi leo hata na wasiojua Kiganda. Walichosisitiza ni kutembea nuruni: kuungama mbele ya ndugu na kurudisha vilivyoibwa. Mmisionari alimwomba radhi Mwafrika kwa kiburi chake, na Mwafrika akaungama chuki yake kwa mzungu, jambo ambalo zama za ukoloni halikuwa dogo.

Urithi huo una kivuli chake pia. Maungamo ya hadharani yanaweza kugeuka mashindano ya nani alikuwa mwovu zaidi, au njia ya kumtaja mtu ambaye hayupo kujitetea. Mwanamume anasimama kuungama uzinzi, anakaa amepigiwa makofi, na mwanamke anaondoka kijijini. Kanuni ninayoishika ni hii: ungamo lisiwe pana kuliko dhambi. Iliyobaki moyoni inaishia kwa Mungu na huyo mtu wako mmoja. Iliyomgusa jirani inafika kwa jirani. Iliyofanyika mbele ya umma ndiyo peke yake inayohitaji umma. Ukimwonea mtu wivu kimoyomoyo, usimfuate kumwambia ili wewe upumzike. Utakuwa umemhamishia gunia.

Hatua ya 5: Nenda kwa uliyemkosea

Mathayo 5:23-24 haina kona za kujificha. Umeshafika madhabahuni na sadaka mkononi, ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako. Acha sadaka, nenda, patana, ndipo urudi. Naona wengi tumeigeuza: tunaongeza sadaka ili tusiende.

Nenda mwenyewe, usitume mjumbe isipokuwa pale ambapo desturi au usalama unadai mshenga. Usiende saa ya chakula, wala msibani, wala mbele ya watoto wake. Usianze na habari za mvua kwa nusu saa, salamu zinatosha. Sema sentensi yako ile ya hatua ya 2, sema utakachofanya, kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Usimwambie "unatakiwa kunisamehe, Biblia inasema". Hilo ni la Mungu kumwambia.

Mimi nilimkuta Mama Mwenyekiti uani anachambua mchicha. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanisogezea kigoda. Nikasema: "Mama, zile 180,000 nilizoandika zinasubiriwa, hazisubiriwi. Wenzetu walizituma, zikafika kwangu, nikazitumia. Daftarini nilidanganya. Nimekuja na 100,000, nyingine nitaleta tarehe 30." Hakuinua macho. Aliendelea kuchuma majani, akitupa mashina upande, mpaka fungu lile likaisha. Kisha akasema, "Mimi nilijua tangu mwezi wa pili. Nilikuwa nasubiri nione utaamua kuwa nani." Akachukua fungu jingine. "Na wenzako utawaambia lini?"

Sikuwa nimepanga kuwaambia. Nilidhani atanifichia.

Kuna nyakati za kutokwenda. Kama ulichofanya ni ukatili wa mwili, au ulimdhulumu mtoto, mlango wa aliyeumia si wako wa kugonga. Kumtokea ghafla na machozi yako kunaweza kumuumiza upya. Pitia kwa mtu anayeaminiwa na upande wake, na ukubali akisema hataki kukuona maisha yote. Na kama ni kosa la jinai, toba haikutoi mikononi mwa sheria. Viongozi wa kanisa wanaosema "tuyamalize kiroho" ili polisi wasijue wanaongeza dhambi ya pili.

Aliyekufa je? Au aliyehama, hujui aliko? Torati ilishalifikiria hilo. Hesabu 5 inasema malipo yaende kwa jamaa yake, na akiwa hana jamaa, yatolewe kwa BWANA kupitia kuhani. Tafuta watoto wake. Ukiwakosa, peleka mahali pa kusaidia wahitaji, na usitangaze jina lako.

Hatua ya 6: Rudisha, tena na nyongeza

Hesabu ni nyepesi. Walawi 6 inamtaka aliyenyang'anya au kudanganya juu ya amana arudishe mali kamili na kuongeza sehemu ya tano. Kwa 180,000, sehemu ya tano ni 36,000, jumla 216,000. Zakayo alipanda hadi mara nne, kipimo cha aliyeiba kondoo katika Kutoka 22. Sheria hizo hazitufungi Wakristo kama kodi, lakini zinatukumbusha kwamba aliyekaa bila fedha yake miezi minne amepoteza zaidi ya fedha yenyewe. Kuna mwenzetu alikosa mkopo wa mbolea kwa sababu mfuko ulionekana mdogo.

Huna zote? Lipa kidogo kidogo, kwa maandishi na tarehe. Usikope kwa riba ya mitaani ili uonekane umetubu haraka.

Jina la mtu ni gumu kurudisha kuliko fedha. Kama ulisambaza uvumi kwenye kundi la watu 80, usiende kumwomba radhi faraghani ukaishia hapo. Rudi kwenye kundi lilelile: "Nilichoandika juu ya fulani hakikuwa kweli, nilikisambaza bila kuhakikisha." Wapo waliokwishatoka, wapo waliokwishapeleka mbele. Hiyo hutaiokota yote, utaokota unayoweza.

Heshima nayo inarudishwa. Ulimdharau mkeo mbele ya ndugu zako, basi mwombe radhi mbele ya ndugu zako. Mzazi kumwomba mtoto radhi kwetu bado ni kama kuvunja mwiko, na nimeshaona baba akijaribu, sauti ikakataa kutoka. Alimnunulia kijana viatu. Yule kijana alivaa viatu, lakini bado anasubiri lile neno.

Na kama kazi yako ndiyo inayokukosesha, angalia ushauri wa Yohana Mbatizaji katika Luka 3. Watoza ushuru walipomuuliza wafanye nini, hakuwaambia waache kazi, aliwaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Askari aliwaambia wasidhulumu, watosheke na mishahara yao. Ofisa wa leo hana haja ya tafsiri.

Hatua ya 7: Kubali yatakayofuata

Daudi aliambiwa papo hapo kwamba dhambi yake imeondolewa, na katika pumzi hiyohiyo akaambiwa machungu yatakayoipata nyumba yake. Msamaha na matokeo hukaa nyumba moja bila kugombana. Kwa hiyo usinung'unike ukisamehewa kisha ukanyang'anywa ufunguo. Ukiwekwa chini ya marudi ya kanisa kwa muda kabla ya kurudi kundini, kaa benchi lako la nyuma. Uliyemkosea akichukua miaka kukuzoea, hiyo ni miaka yake.

Unyenyekevu wa kweli nadhani unaonekana hapa kuliko magotini. Magotini hakuna anayekuuliza swali. Kwenye mkutano wa kikoba niliulizwa maswali kwa dakika 40. Mwanachama mmoja kijana, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kuandika daftari, aliuliza kama kuna nyingine. Nilitaka kuchukia. Nilipolala ndipo nilipoona lilikuwa swali la haki, lile ambalo ningemuuliza yeye. Wakanitoza faini, wakachagua mweka hazina mwingine, na nikatakiwa kumkabidhi vitabu palepale.

Hatua ya 8: Kesho yake

Hii ni fupi. Martin Luther alipoandika hoja zake 95 mwaka 1517, ya kwanza ilisema kwamba Kristo alitaka maisha yote ya waaminio yawe toba. Huko nyuma niliichukulia kuwa habari ya kutisha. Sasa naiona kama kuoga: aliyezoea kila jioni hachukui muda mrefu. Kabla ya kulala pitia siku, taja kitu kimoja kwa jina lake, na kama kuna mtu wa kumwendea, panga saa. Ukianguka tena kwenye lilelile, usingoje mkutano wa injili mwingine uje mjini. Anza hatua ya 2, siku hiyohiyo, na yule mtu wako mmoja ajue. Kama ni ulevi au kamari, toba itahitaji pia kubadili njia ya kurudia nyumbani.

Tarehe 30 nilipeleka zile 116,000 zilizobaki. Mama Mwenyekiti alizihesabu mara mbili mbele yangu, jambo ambalo zamani hakuwa akilifanya. Akafungua daftari kwenye ukurasa ule, akanipa kalamu, nikakata neno "zinasubiriwa" kwa mstari mmoja, nikatia sahihi pembeni, na chini yake yeye akatia yake.